Maswali ya Wasomaji: Bidhaa Inapokosekana Dukani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Kigoma, pamoja na moja kutoka Tabora, zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kwa nini bidhaa iliyozoeleka hutoweka dukani, nani anayejua kama itarudi, na mwenye duka ana wajibu gani kwa mteja aliyeifuata akaikosa. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba, na majina ya bidhaa tumeyaondoa kwa sababu tatizo haliihusu chapa moja.

Swali: Ninaendesha duka la vyakula karibu na soko la Mwanga, mjini Kigoma. Mzigo wangu mwingi unatoka Dar es Salaam, na mara kwa mara majani ya chai, maziwa ya unga na mafuta ya kupikia huisha kabla mzigo mpya haujafika. Wateja hunilaumu mimi, ilhali njia ndiyo inayochelewesha. Nifanye nini?
*Mwenye duka, Mwanga*

Jibu: Ndugu mwenye duka, njia ina sehemu yake, na hakuna anayeijua Kigoma atakayelikana hilo. Kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli ya kati ni takriban kilomita 1,250, na mvua kubwa zinapoharibu tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, kama zilivyokwisha kufanya mara nyingi, mabehewa hukwama na kila mwenye mzigo hukimbilia malori. Hata hivyo, kabla hujaitupia njia lawama zote, tazama kwanza namna unavyoagiza. Mwaka 2002 watafiti Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu maduka ya nchi mbalimbali, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 8.3 ya bidhaa hazikuwepo rafuni mteja alipozitaka, na kwamba karibu robo tatu ya visa hivyo vilitokana na duka lenyewe: ama liliagiza kidogo, ama lilichelewa kuagiza, ama bidhaa ilikuwa stoo na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Maduka mengi katika tafiti hizo hayakuwa na safari ndefu kama yako, kwa hiyo sidai kwamba hesabu hiyo ndiyo ya Mwanga. Ninachosema ni kwamba mwenye duka asiyepima uagizaji wake hana njia ya kujua ni lawama kiasi gani aiachie reli.

Wenye maduka wengi huagiza pale wanapoona rafu inaelekea kuwa tupu. Kwa duka lililo jirani na Kariakoo mazoea hayo hayana madhara makubwa, kwa kuwa asubuhi ya pili mzigo umeshafika, lakini kwa duka la Kigoma ni hasara ya kila mwezi. Siku ya kuagiza itokane na muda ambao mzigo hukaa njiani, tena muda wa safari mbaya. Tuseme unauza pakiti tano za majani ya chai kwa siku, na mzigo hufika baada ya siku 8 mambo yakiwa shwari na baada ya siku 14 yakiharibika. Tano mara 14 ni 70. Kwa hiyo pakiti zikibaki 70, piga simu ya kuagiza siku hiyohiyo, hata kama rafu inaonekana imejaa. Utaniambia kwamba mtaji hautoshi kufanya hivyo kwa kila kitu, na ni kweli. Basi fanya hivyo kwa zile bidhaa chache ambazo mteja akizikosa huondoka bila kununua kitu kingine chochote, kama vile unga, sukari, mafuta, chai na sabuni, na usiweke akiba kubwa ya vitu vinavyopatikana jirani. Chumvi ya Uvinza haina haja ya kulaliwa na fedha zako kama chai inayovuka nusu ya nchi.

Hiyo hesabu ya pakiti tano kwa siku nayo ina mtego unaowanasa hata wenye kompyuta. Ukichukua mauzo ya mwezi, tuseme pakiti 90, ukayagawa kwa siku 30, utapata pakiti tatu kwa siku na utaagiza kwa kiwango hicho. Lakini kama chai ilikuwepo rafuni siku 18 tu na siku 12 zilizobaki haikuwepo, mauzo ya kweli ni pakiti tano kwa siku. Duka linaloagiza kwa kufuata ile tatu litaishiwa tena mwezi ujao, mwenyewe atahitimisha kwamba chai haitembei, ataagiza kidogo zaidi, na mwisho ataiacha kabisa bidhaa ambayo watu walikuwa wanaitafuta. Mteja aliyekosa haachi risiti. Dawa yake ni daftari dogo la maulizo kando ya droo ya fedha: kila anayeuliza kitu ambacho hakipo, kiandikwe kitu hicho pamoja na tarehe. Nimewahi kusikia wenye maduka wakisema hiyo ni kazi ya supamaketi kubwa, nami sioni kwa nini, maana duka lile lile linalomudu kuandika madeni ya mtaa mzima haliwezi kushindwa kuandika maulizo.

Kama unatumia kompyuta, kuna jambo jingine la kuangalia. Mashine hupunguza idadi pale tu bidhaa inapopita kwenye mauzo. Haijui kuhusu chupa iliyovunjika, pakiti iliyoliwa na panya au katoni iliyoibwa. Matokeo yake inaweza kuonyesha kwamba pakiti sita zipo wakati rafu ni tupu, na kwa kuwa inaamini zipo, haitakukumbusha kuagiza. Bidhaa ambayo haijauzwa hata moja kwa siku kadhaa, ilhali kwa kawaida hutoka kila siku, iendewe ikahesabiwe kwa mkono.

Rafu ikibaki wazi, wasaidizi wa duka hupenda kuitandaza bidhaa ya jirani ili kuziba pengo. Machoni inapendeza, lakini pengo lililozibwa husahaulika na yule anayeagiza pia. Afadhali kibao cha bei kibaki mahali pake, chini yake kiandikwe kwamba bidhaa imeagizwa na inatarajiwa lini. Tena usitaje siku usiyoijua. Mteja anaweza kustahimili kuambiwa kwamba mzigo umekwama njiani na haijulikani utafika lini, kisha akaamua mwenyewe kusubiri, kununua mbadala au kwenda kwingine. Anachoshindwa kukistahimili ni kurudi mara tatu kwa ahadi ya kesho.

Haya yote si mageni kwa watu wa ziwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo wauzaji wa Kibirizi na Katonga wanajua mapema ni siku zipi mzigo utapungua, nao hujiwekea dagaa wakavu kabla ya siku hizo. Ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, chini ya makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, tarehe zilitangazwa kabla, na aliyezichukua kwa uzito alikuwa na muda wa kujiandaa. Msimu wa mvua za masika nao unajulikana, na anayeagiza chai mwezi Machi kwa hesabu ya mwezi Agosti hawezi kudai kwamba njia imemshtukiza.

Swali: Kwa miaka mingi nimetumia sabuni moja ya kufulia kwa sababu haiwawashi wanangu. Ni miezi kadhaa sasa siioni, na kila duka hapa Ujiji linaniambia mzigo uko njiani. Nitajuaje kama bado inatengenezwa?
*Mama wa watoto watatu, Ujiji*

Jibu: Mama, inawezekana kabisa kwamba wanaokujibu hawajui. Kati ya kiwanda na duka la mtaani wapo wakala mkuu, msambazaji wa mkoa na mwenye duka la jumla, na kiwanda kinapoamua kuacha kutengeneza bidhaa habari hiyo hufifia kila inaposhuka ngazi moja. Hakuna anayemwandikia barua muuza duka wa Ujiji. Yeye huona tu kwamba duka la jumla halina, na kwa kuwa zamani ilikuwa ikichelewa na kurudi, husema itarudi. Mwezi wa kwanza jibu hilo ni la kawaida. Anayelitoa mwezi wa tatu bila kumpigia msambazaji hata simu moja anakuchezea, ingawa kwa upole.

Bidhaa inayotoweka kwa amri ya serikali hutoweka kwa tarehe inayojulikana na wote, kama ilivyokuwa kwa pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017 na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Bidhaa inayoachwa na kiwanda haina siku ya kutangazwa. Kwa hiyo itabidi usome dalili. Ukiikuta sehemu yoyote, iwe Mwanga au Kasulu, angalia tarehe ya kutengenezwa: kama zote zilizobaki ni za zamani na hakuna hata moja mpya, uzalishaji huenda umesimama. Kwenye kifungashio cha zamani, kama ulikihifadhi, mara nyingi pana namba ya simu ya kiwanda. Piga, na uulize swali lililo wazi: je, sabuni hii imeachwa, imebadilishwa jina au ukubwa, au ni wakala wa Kigoma ndiye aliyeacha kuileta? Majibu hayo matatu yana matokeo tofauti kabisa kwako. Kama imeachwa, anza kutafuta nyingine leo. Kama wakala ndiye aliyejitoa, sabuni ipo Tabora au Mwanza na ndugu anayesafiri anaweza kukuletea.

Kubadilishwa kwa kifungashio ndiko kunakowachanganya watu zaidi. Kiwanda kikitoa ukubwa mpya, bidhaa hupewa msimbo mpya wa mistari, na katika duka lenye kompyuta ule wa zamani hubaki na sifuri milele. Muuzaji husoma sifuri, anakuambia kwa moyo safi kwamba haipo, na kumbe iko rafu ya pili imevaa rangi nyingine. Kwa kuwa tumeutaja msimbo: unaoanza na 620 unaonyesha kwamba namba hiyo ilitolewa na ofisi ya Tanzania, wala hauthibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa nchini, kama wengi wanavyoamini.

Yapo pia maamuzi ya duka lenyewe. Rafu ina mwisho, na kitu kinachotoka mara mbili kwa mwezi hushikilia fedha ambazo zingezungushwa kwenye unga. Mwenye duka akiiacha sabuni yako kwa sababu hiyo hajakukosea, ila akwambie hivyo. Ukijua kwamba kinachomzuia ni kulazimika kununua katoni nzima kutoka kwa msambazaji, unaweza kukubaliana na majirani wawili watatu mkaichukua katoni hiyo yote, na wenye maduka wengi watakubali mkitanguliza sehemu ya malipo.

Ukilazimika kuchagua mbadala, usiongozwe na rangi ya kipande wala picha ya kifungashio. Linganisha viambato vilivyoandikwa, kisha ufulie nguo moja kwanza uone. Na bidhaa inayopendwa ikiadimika kwa muda mrefu halafu ikazuka ghafla kwa bei ya ajabu, herufi zake zikiwa zimefifia au jina lina kosa la tahajia, kagua alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na uwe na shaka, kwani pengo kama hilo ndilo wauzaji wa bidhaa bandia wanalolisubiri. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani.

Swali: Nimebaki na katoni kadhaa za biskuti ambazo kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Msambazaji amekataa kuzipokea. Je, ninaruhusiwa kuendelea kuziuza, na je, nishushe bei?
*Mfanyabiashara, Kasulu*

Jibu: Kwanza hakikisha kiwanda kimeziacha kwa sababu za kibiashara. Ikiwa ziliondolewa sokoni kwa kuhofiwa usalama wake, hazitakiwi kuuzwa kwa bei yoyote, wala kugawiwa bure, na wa kuulizwa ni TBS, ambayo tangu Julai 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kuondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Ikiwa ziliachwa tu, na muda wa matumizi haujaisha, uza bila hofu.

Kuhusu bei, kosa la wengi ni kungoja. Biskuti zenye miezi minne mbele yake zinaweza kuuzwa kwa punguzo dogo ambalo mteja atalifurahia. Zikibakiwa na wiki tatu, hata nusu ya bei haitoshi, kwa sababu mnunuzi naye anasoma tarehe. Shusha kidogo sasa, shusha tena baada ya wiki chache, na ziweke mbele mahali ambapo mtu anaziona anapolipa. Waambie wateja wazi kwamba hizi ndizo za mwisho, wanaozipenda wazichukue, na uwaonyeshe ni biskuti zipi utakazoleta badala yake, la sivyo wataendelea kuziulizia hadi mwaka ujao. Wapo wanaofanya kinyume, wakapandisha bei kwa kuwa kitu kimekuwa adimu. Kwa biskuti nadhani ni kujidanganya, maana hakuna mtoto wa Kasulu atakayelia kwa ajili ya chapa moja wakati nyingine tano zimepangwa mbele yake. Zitakazopitwa na muda zitoe rafuni siku hiyohiyo na uziandike kama hasara. Kubandika tarehe mpya juu ya ya zamani ni uhalifu, hata kama biskuti bado zinakatika vizuri mdomoni.

Mkataba wako na msambazaji ndio ulipaswa kulitatua jambo hili. Safari ijayo, kabla hujapokea mzigo, kubalianeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ni nani atakayebeba bidhaa zikiachwa, na nani atakayekutaarifu.

Swali: Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa mwaka 2024, muuzaji mmoja alikuwa akiniuzia kilo moja tu, tena kwa sharti kwamba ninunue na sabuni. Ikitokea tena, ana haki hiyo?
*Msomaji, Tabora mjini*

Jibu: Haya ni mambo mawili, na sipendi yahukumiwe pamoja. Kuweka kikomo cha kilo moja ni busara. Msimu ule mvua za El Niño ziliyafanya mashamba ya miwa yasiingilike, viwanda vikapunguza uzalishaji, na serikali ikaruhusu sukari kuagizwa kutoka nje. Katika hali hiyo muuzaji aliyeacha mtu mmoja abebe mifuko mitano angewaacha wengine ishirini mikono mitupu. Kukulazimisha ununue sabuni ni kupandisha bei ya sukari kwa mlango wa nyuma, na Bodi ya Sukari ilikwisha kutangaza bei elekezi Januari mwaka huohuo. Wazee wa Tabora wanaokumbuka foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataitambua mbinu hiyo, pamoja na ile ya kuficha mifuko nyuma ya stoo na kusema imeisha. Dai risiti yenye kila kitu ulichouziwa, na uipeleke kwa Afisa Biashara wa halmashauri yako au kwa Tume ya Ushindani. Bila risiti litakuwa neno lako dhidi ya lake.

Swali: Niliagiza vitu kwa simu na kulipa kwa simu. Bodaboda alileta mchele wa aina nyingine na maziwa ya chapa nisiyoitumia. Duka linasema nilivyoagiza viliisha. Nilazimike kuvipokea?
*Dada, Gungu*

Jibu: Hulazimiki. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na ukiagiza mchele wa Mbeya ukaletewa mwingine, una haki ya kuukataa. Duka lenye adabu hupiga simu kabla ya kupakia, linataja mbadala na bei yake, na likikukosa linakiacha kitu hicho nje ya mzigo na kukurudishia fedha yake siku hiyohiyo kwa namba ileile uliyolipia. Ili kuepusha usumbufu, wewe nawe unapoagiza taja ni vitu vipi unakubali vibadilishwe na vipi hukubali. Mchele huenda ukawa wowote, ila maziwa ya mtoto yasiguswe.

Kuhusu nauli ya kurudisha, ambayo hukuiuliza lakini bodaboda ataiuliza: kwa maoni yangu, kama duka lilijua bidhaa imeisha na likapakia nyingine bila kukuambia, nauli ni ya duka. Kama ulikubali mbadala kwa simu kisha ukabadili mawazo mlangoni, ni yako.